Mbwa saba uani, na jirani aliyeninunia miaka mitatu

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, jirani yangu alipiga hodi. Wanaonijua watashangaa. Huyu ni jirani wa kugawana mpaka, moshi wa jiko lake naunusa nikiwa kwangu, na tangu 2022 alikuwa hajakanyaga uwanja wangu. Tukikutana njiani alikuwa anahamia upande wa pili. Siku hiyo alisimama nje ya geti, kanga kaifunga kiunoni, akasema, "Dada, nimekuja na shida. Nimesikia Pili kazaa. Naomba mtoto mmoja." Pili ni mbwa wangu jike.

Sikupata la kujibu. Nilimtolea kigoda, nikaingia ndani kama nafuata maji ya kunywa, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoka.

Ndiyo maana naandika leo. Najua wengi wenu mna mashamba ya korosho huku Lindi na Mtwara, na kila msimu ukikaribia maswali ni yaleyale: mbwa wangapi wanatosha, wanakula nini, nianze na jike au dume. Nitayagusa. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni jirani. Mbwa mmoja unafuga wewe. Mbwa saba mnafuga na mtaa mzima, upende usipende.

Mimi sikuwahi kuomba mbwa. Aliyewapenda ni marehemu mume wangu. Tuko upande wa Mingoyo, ukitoka Mnazi Mmoja ukashika barabara ya Masasi unaingia kushoto kwenye vumbi. Shamba liko nyuma ya nyumba, mikorosho na muhogo, na usiku nguruwe pori wanashuka, mchana ngedere. Mume wangu alianza na mbwa mmoja, na alipofariki mwaka 2019 aliniachia wanne: Komando, Subira, Mzungu na Hayawahusu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nawatupia chakula kwa mbali na kukimbilia ndani. Nilivyowazoea ni hadithi ndefu, niiruke. Subira akazaa, nikabakiza watatu, Pili na wale mapacha wa sura, Kulwa na Doto. Jumla saba.

Hilo jina la Hayawahusu niliseme kwanza, maana wengi mnafanya kosa hilihili. Huku kwetu watu wanamalizia maneno yao kwenye mbwa. Utasikia mbwa anaitwa Watasema, mwingine Mtachoka. Mume wangu alikuwa na ugomvi wake na ndugu zake, akauweka kwa mbwa. Yeye akaondoka, mimi nikabaki kila usiku nasimama mlangoni naita kwa sauti "Hayawahusu! Hayawahusu!" na jirani yangu yuko barazani anakula chakula na watoto wake. Hivi wewe ungeelewaje? Nilichukua zaidi ya mwaka kugundua kwamba namtukana mtu kila jioni bila kukusudia. Nikambadilisha, sasa ni Bosi, na wiki mbili tu alishazoea. Mpe mbwa jina jepesi lisilo na ujumbe. Ugomvi wako umalize na mtu mwenyewe.

Lakini jina halikuwa ndilo lililovunja ujirani wetu. Kilichovunja ni geti.

Ilikuwa baada ya alasiri, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Nilikuwa naingiza kuni, nikaacha geti wazi, dakika chache tu. Mtoto wa jirani, wakati huo ana miaka saba, alipita peke yake, kashika juzuu yake mkononi. Alipowaona mbwa akakimbia. Komando akamfuata, na walipoona Komando anakimbia, wote sita wakamfuata Komando. Hawakumgusa. Nasema kwa haki ya Mungu, hawakumgusa hata nguo. Lakini mtoto alianguka kwenye dimbwi na juzuu ikaangukia tope. Mama yake alitoka mbio. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alimwinua mtoto, akaiokota ile juzuu, akaifuta kwa kanga yake ukurasa kwa ukurasa palepale njiani, akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso. Halafu akaniangalia mara moja tu, akaingia ndani.

Nilipeleka juzuu mpya, sabuni, na kilo mbili za sukari. Kesho yake vikarudi vimefungwa vilevile. Iliniuma, na nikisema imeniisha nitakuwa nadanganya.

Sikilizeni, enyi mnaotaka mbwa wengi. Mbwa akiwa mmoja anakuangalia wewe. Wakiwa wengi wanaangaliana wao. Yule Mzungu wangu, ukiwa naye peke yake, kuku anapita mbele ya pua yake na yeye kalala. Mtie kwenye kundi linalokimbia, atakimbia bila kujua wanakimbilia nini. Usije ukamwambia jirani "mbwa wangu hana shida". Unamsifia mbwa mmoja, na barabarani wametoka saba.

Tangu siku ile mbwa wangu wanaishi kwa adhana. Kabla ya alfajiri, watu hawajaanza kutoka kwenda msikitini, wote wako ndani ya banda. Alasiri wanaingia tena hadi watoto warudi chuoni. Usiku baada ya isha wanafunguliwa, na hapo ni uani na shambani tu. Geti lina komeo mbili na najifungia mwenyewe, simtumi mtoto. Na kwa wale wanaosema mbwa akilia wakati wa adhana kaona shetani: mbwa hulia akisikia sauti ndefu iliyovutwa, ndivyo wanavyoitana wao kwa wao. Wangu wakiwa bandani wakati huo, nawafunika kwa turubai na kuwapa kitu cha kutafuna, wananyamaza. Sio kwamba ni kosa lao. Ni kwa sababu jirani anataka kusikia adhana yake kwa utulivu.

Mimi mwenyewe ni Mwislamu, na maswali ya najisi nimeulizwa hadi nimechoka. Nilikwenda kwa sheikh wetu, akanieleza kwamba mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwindia wana ruhusa. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo vyombo vyao havikutani na vyangu kabisa, na nina kanga moja kuukuu, ya rangi ya kahawia, inaning'inia nje kwenye msumari. Hiyo ni kanga ya mbwa. Nikienda kwao naivaa, nikitoka naivua, naoga, nasali. Dada zangu mnaoniandikia kwamba mnatamani ila mnaogopa swala, anzeni na msumari na kanga kuukuu.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo nilikuwa naona aibu kulisema.

Novemba 2022, katikati ya msimu, tunaokota korosho toka asubuhi, nimechoka mwili mzima. Nikapata vichwa vya samaki vingi kutoka ferini, nikavipika, na badala ya kuwagawia kila mmoja chake nikamwaga vyote kwenye karai moja. Sekunde hazikupita. Komando na Bosi walishikana. Nami, kwa ujinga wa kudhani wananiheshimu, nikaingiza mkono katikati. Komando alinishika hapa, chini ya kiwiko, meno mawili yakazama.

Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, hilo nilikuwa nalijua. Hospitali, muuguzi akaniuliza kadi ya chanjo ya mbwa. Nikampa. Akaisoma, akaniangalia, akaigeuza akanionyesha tarehe: Septemba 2021. Chanjo ya kichaa huku kwetu ni ya kila mwaka. Bwana mifugo alipita mtaani kutangaza siku ya chanjo, mimi nikasema nitakwenda kesho, kesho ikawa korosho, na keshokutwa ikawa korosho. Mbwa saba, hakuna hata mmoja aliyekuwa na chanjo hai.

Nikachomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo, nyingine zikapangwa kwenye kadi. Komando nikaambiwa nimfunge nimwangalie siku kumi, kwa sababu mbwa mwenye kichaa ambaye mate yake yameshakuwa na virusi hamalizi siku hizo bila kuonyesha dalili au kufa.

Siku kumi zile sitazisahau. Kila nikiamka, kabla sijasema na mtu, namsogezea Komando bakuli la maji kwa fimbo, nachuchumaa mbali, natazama koo lake. Anameza? Hamezi? Udenda unatoka? Macho yakoje? Siku ya nne akakataa chakula asubuhi. Nikakaa chini ya mwembe na tumbo limekata, nikiwaza watoto wangu watalelewa na nani, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Jioni akala. Alikuwa amenunia mnyororo tu, hajawahi kufungwa maishani mwake. Siku ya kumi nilimfungua, akanizunguka mara tatu, akaja kulala miguuni pangu. Mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani yangu hakuja kunipa pole.

Wakati ule nilimlaumu. Leo namwelewa: mtoto wake angeweza kuwa ndiye aliyeshikwa, na mbwa wangu hawana chanjo. Ningemwambia nini? Jamani, chanjeni. Huwezi kumwomba mtu aishi karibu na mbwa wako saba kama hujaweza kutembea nao mpaka kwa bwana mifugo mara moja kwa mwaka. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani wameambukizwa na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Mimi sasa siku yangu ni 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mtu wa chanjo ile ya kwanza. Naipenda kwa sababu inaangukia kabla korosho hazijaanza kudondoka. Naweka alama kwenye kalenda ukutani, na simpi mtu yeyote nafasi ya kuniomba kazi siku hiyo. Chanja kabla ya msimu. Usiseme kesho.

Mengine ni ya kawaida. Chakula ni ugali wa dona laini na dagaa au vichwa vya samaki, bila kitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape, inapasuka vipande vikali. Kila mmoja ana dumu lake lililokatwa na ana mahali pake: Komando chini ya mwembe, Subira kwenye kona ya banda la kuku, wengine wametawanyika, na hakuna anayeliona dumu la mwenzake. Wakishikana, ndoo ya maji, kamwe sio mkono. Siku za kupulizia mikorosho dawa ya salfa wanabaki nyumbani, ule unga unawachoma macho.

Kupe ndio kazi ya mikono. Mvua zikianza, kila jioni namlaza Mzungu kwa ubavu kwenye kanga yangu ile, kwa kuwa ni mweupe kupe wanaonekana kwake kwanza. Naanzia ndani ya masikio, naenda chini ya kwapa, halafu katikati ya vidole, mahali ambapo watu hawaangalii. Namshika kupe karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, namvuta polepole bila kumpasua, namtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Mzungu anafumba macho, mguu wa nyuma unatikisika wenyewe. Nikimaliza namfunua mdomo niangalie ufizi. Ukiwa mweupe, kesho yake niko kwa daktari wa mifugo.

Na majike: usifuge madume wengi na jike anayepata joto kila baada ya miezi sita kama huna mpango. Subira nilimfunga kizazi mwaka 2023, Kulwa na Doto wakahasiwa, na ugomvi wa usiku ukaisha. Pili nilimwachia uzao mmoja kwa dume la wawindaji wa kijiji cha pili, wakazaliwa watano tarehe 26 Juni. Wakishaachishwa naye atafungwa.

Nirudi kwa jirani. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasema nguruwe wamemaliza muhogo wake upande wa bondeni, na kwangu, hatua thelathini tu, hawajagusa mche. Akasema pia kwamba mwaka jana usiku ule mbwa wangu walipobweka sana, asubuhi alikuta magunia yake mawili ya korosho yametelekezwa njiani. Mwizi aliyatupa. Hakuwahi kuniambia. Kanywa maji yote, akatulia, akasema, "Nilikuwa naona geti lako linavyofungwa. Kila alasiri. Nilikuwa naona."

Miaka mitatu nilidhani hakuna anayeona.

Mtoto wake alikuwa nyuma yake, sasa ana miaka kumi, kashika kanga ya mama yake. Nikamuuliza kama bado anawaogopa. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye banda na kuwataja wote saba kwa majina, mmoja mmoja, na Kulwa na Doto hakuwachanganya, wakati mdogo wangu mwenyewe mpaka leo anawachanganya. Alikuwa anawasoma kupitia ua.

Nimewaambia mtoto wa mbwa hatoki kabla ya wiki nane, na 28 Septemba atakuwa ametimiza miezi mitatu, tutakwenda kwa bwana mifugo pamoja. Mama alipotaka kujua atamshikaje na swala zake, nilimwonyesha ule msumari na kanga. Aliondoka na kanga yangu nyingine kuukuu mkononi. Getini mtoto akageuka akaniambia mbwa wake ataitwa Simba.

Nikafunga geti, komeo zote mbili. Alasiri ilikuwa imeshapita lakini nilifunga.