Kabla hujachota mchanga kijitoni

Ukijiunga na kazi ya kuchora ramani ya kemia ya mashapo ya vijito, yaani mchanga na tope vinavyoletwa na maji, utatamani kuanzia kwenye mashine za maabara. Subiri. Kazi inaharibikia kijitoni, na maabara haiwezi kuitengeneza.

Mchanga ulio mkononi mwako umetoka bonde zima lililo juu yako. Japani waliichora nchi nzima kwa sampuli 3,024, wakapima elementi 53. Piga hesabu: kila mfuko unasemea zaidi ya kilomita za mraba 100. Ukikosea mmoja, umepaka rangi ya uongo eneo kubwa.

Mimi nilikosea darajani. Gari lilisimama pale, maji yako karibu, nikachota chini yake. Miezi ikapita, ramani ikatoka na doa jekundu la zinki, tukafurahi kama siku mbili hivi, mpaka mwenzetu alipofungua daftari langu na kusoma: “chini ya daraja”. Zilikuwa kingo za chuma zilizopakwa zinki! Siku hizi napanda juu, mbali na daraja, na juu ya makutano ya vijito pia. Ninaingia nikielekea kule maji yanakotoka, nisichote tope nililolitibua mwenyewe. Ukingo ulioporomoka uache. Huo ni udongo wa palepale. Chota mkondoni, sehemu tano au sita, uchanganye.

Chekecheo liwe la nailoni, maana la shaba litakuongezea shaba. Pete vua, hata ya ndoa (kuna mwenzangu alinuna). Maji uliyochekechea usiyamwage upesi: vumbi laini linaloelea ndilo lililoshika metali nyingi, liache litue. Mawe yakiwa na utando mweusi, andika. Mara nyingi huo ni manganizi, nayo hunasa kobalti na zinki hata pale ambapo miamba haina cha ajabu.

Jambo ambalo wageni hulipuuza ni namba za mifuko. Zivuruge kabla ya kupima. Vipimo vya mashine husogea kidogo kidogo kadiri saa zinavyokwenda, na mkipima kwa mfuatano mliotembea, kusogea huko kutajichora kwenye ramani kama mwamba mpya. Tia na sampuli pacha, zilizochotwa mahali pamoja, bila kumwambia mpimaji.

Na andika kwa penseli. Wino na mfuko uliolowa havipatani.