Meneja wa Miezi Sita: Kazi Hii Inanifaa?

SWALI: Wahariri, salaam. Nina miaka 49. Nilikuwa meneja uendeshaji wa kampuni moja hapa Lindi hadi ilipofungwa. Sasa kiwanda cha kubangua korosho Mtwara kinaniomba nikakiongoze kwa miezi 6, maana meneja wao ameondoka na bodi bado inatafuta mwingine. Kaka yangu anasema naweza kuishi hivi: miezi sita hapa, minane pale. Je, niifanye ndiyo kazi yangu? – Msomaji wa kike, Lindi Mjini

JIBU: Dada yetu, kabla ya malipo jiulize kama utaweza kuondoka. Anayekaimu kutoka ndani mara nyingi anakitolea macho kiti chenyewe. Wewe ukikitamani, utaogopa kumkera mjumbe wa bodi ambaye mpwa wake ndiye mtunza ghala, na kazi uliyoitiwa itakufa hapo hapo. Inamfaa mtu aliyekwisha kubeba mzigo mkubwa kuliko anaopewa, kwa sababu hakuna atakayemwelekeza: wiki 2 za kwanza anasikiliza na kuhesabu, ya tatu anaamua. Kama raha yako ni kulea wafanyakazi miaka na miaka, itakuchosha mapema.

Fedha ndizo zinazowaangusha wengi, kwa kuwa hutaja mshahara wao wa zamani. Tuseme nyumba yako inahitaji shilingi milioni 3 kwa mwezi, yaani milioni 36 kwa mwaka. Ukipata kazi miezi 7 tu, kila mwezi wa kazi ulete zaidi ya milioni 5, bado hujalipa pango la Mtwara wala bima ya afya. Kanuni za kazi za 2017 ziliweka miezi 12 kuwa muda wa chini wa ajira ya kipindi maalumu, ndiyo maana kazi fupi kama hii huandikwa mkataba wa huduma, yaani wewe ni mtoa huduma, si mwajiriwa. Hapo utakatwa kodi ya zuio asilimia 5, likizo ya malipo hakuna, na NSSF unajichangia mwenyewe kwa hiari. Uwe na akiba ya matumizi ya miezi 6. Asiye nayo hukubali hata kazi ya bodi inayotafuta wa kumtupia lawama.

Tazama na msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Ukiingia Julai, una muda wa kukarabati mashine na kuzungumza na benki kuhusu fedha za kununulia mzigo. Ukiingia katikati ya Oktoba unarithi kila kilichochelewa, na jina linalochafuka ni lako.

Ukikubali, usisaini makabidhiano kwa kutazama karatasi. Ingia ghalani na mizani. Gunia la kilo 80 la korosho ghafi nzuri hutoa takriban kilo 20 hadi 22 zilizobanguliwa. Kwa hiyo magunia 500 yaliyotoka ghalani yalete si chini ya tani 10. Daftari likionyesha tani 8, huenda mzigo ulikuwa duni, mzani mbovu, au mtu anachukua. Huhitaji kumjua leo, ila upungufu huo uandikwe kwenye hati, kwa kilo, na aliyekukabidhi asaini. Usipoandikwa, baada ya mwezi mmoja ni wa kwako.

Mkataba nao useme mambo ambayo bodi hupenda kuyaacha hewani: unaidhinisha malipo hadi kiasi gani, unaweza kumsimamisha nani kazi, unaripoti kwa mtu mmoja au kwa wajumbe saba, na ni matokeo yapi yataonyesha kazi imekwisha. La wajumbe saba tunalisisitiza sana, kwa sababu kila mmoja atakupigia simu na agizo lake.

Tunaona ujaribu mkataba huu mmoja, ila kazi hii usiifanye njia ya maisha hadi upate mkataba wa pili. Kwanza mwombe mwenyekiti akuonyeshe ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu na barua ya meneja aliyeondoka. Akikataa kukuonyesha vyote viwili, usihamie Mtwara.