Kabla hujaweka bei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Unasema watu wameanza kukufuata uwaombee na kukaa nao katika shida zao, jioni zako zote zinaishia huko, na mwenzako mmoja amekushauri uweke bei kama mtu yeyote mwenye kazi yake. Halafu kuna yule mama mwenye mtoto mgonjwa, aliyekutia bahasha nene mkononi kabla hata hujafungua mdomo. Unauliza: kupokea ni haki au ni dhambi?

Usitarajie nikujibu kwa neno moja. Wanaosema kazi ya roho isiguswe na pesa kabisa, mara nyingi wanalishwa na mtu mwingine na hawajawahi kujiuliza ni nani. Anayetoka usiku kwenda kwa mfiwa, au kukesha na mgonjwa, naye ana tumbo na ana kodi ya nyumba. Walawi, wahudumu wa ibada katika Israeli ya kale, waliwekewa fungu la kumi. Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anatetea kwa kirefu haki ya mhubiri kuishi kwa Injili, kisha anasema yeye haki hiyo hakuitumia. Matendo ya Mitume yanatuambia alikuwa fundi wa mahema. Marabi nao walipata njia yao: mtu asilipwe kwa sababu ya Torati anayoifundisha, afidiwe ule muda ambao angeutumia katika kazi yake nyingine. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ninachokiogopa mimi ni saa ya kutaja bei. Mtu aliyeshikwa na hofu hana kiasi anachoweza kukikataa. Ukimtajia pesa akiwa katika hali hiyo, usiseme mmepatana.

Soma tena 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari mwenye ukoma, alisafiri na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Alipopona akamsihi Elisha apokee, Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Hapo Gehazi, mtumishi wa Elisha, akalikimbilia gari la Naamani na hadithi yake: wamefika vijana wawili wa wana wa manabii, naomba talanta moja na mavazi mawili kwa ajili yao. Naamani kwa furaha akamsihi achukue talanta mbili. Wahubiri wengi hukimbilia ule ukoma uliompata Gehazi mwishoni. Mimi hukwama kwenye uongo wake. Hakuthubutu kusema "nipe mimi"; alisema wapo wahitaji.

Sasa tazama. Didake, maandishi ya Wakristo wa kale, inaagiza katika sura ya 11 kwamba nabii akidai anaongozwa na roho na kusema "nipeni fedha", asisikilizwe. Ila akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Ni ruhusa njema, na Gehazi alikwisha kuonyesha zamani jinsi inavyoweza kutumiwa vibaya. Kwa hiyo siku utakapoomba kwa jina la yatima au mjane, hesabu isishikwe na wewe. Ishikwe na mtu anayeweza kukukaripia.

Nikupe na kisa kinachonipinga, maana ndugu wa upande wa baba yako watakuletea hata nisipokitaja. Imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: masahaba wa Mtume Muhammad wakiwa safarini waliomba wakirimiwe na kabila fulani, wakanyimwa. Mkuu wa kabila akaumwa na nge. Wenyeji wakaja kuomba msaada, na mmoja wa masahaba akajibu kwamba kumsomea mgonjwa anajua, ila kwa kuwa wamenyimwa ukarimu hatasoma bila ujira. Wakapatana kundi la kondoo, akasoma Al-Fatiha, mgonjwa akainuka. Bei ilitajwa, tena sumu ikiwa mwilini! Na Mtume akaridhia, akasema naye atengewe fungu.

Kisa hiki kimenisumbua, na sitaki kukilainisha ili kinifae. Walikuwa wasafiri walionyimwa chakula, hilo la kwanza. La pili, kondoo hawakugawanywa mpaka Mtume alipoulizwa. Waliopewa walikuwa na shaka na riziki yao wenyewe, na shaka hiyo naipenda. La tatu ndilo kubwa zaidi: wapo wanazuoni walioutia ujira ule katika juala, malipo yanayostahiki jambo likitimia, na lisipotimia mtu hana cha kudai. Mgonjwa asingepona, hasara ingekuwa ya msomaji. Linganisha na tunayoyaona sasa: pesa inatangulia, nafuu inakawia, na ikikawia mgonjwa anaambiwa imani yake ni haba, aongeze sadaka. Msomaji hapotezi kamwe. Huyo, hata akijiita mtumishi, kwangu ni mchuuzi wa hofu. (Nawe usilipwe kwa matokeo pia; kupona si kwako kukuahidi.)

Walioliwazia jambo hili kwa muda mrefu wameitoa bei mikononi mwa mhudumu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 848, inamkataza mhudumu wa sakramenti kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka, na inamtaka achunge mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Vituo vya kutafakari vya Vipassana vilivyoanzishwa na mwalimu S. N. Goenka vinapokea mchango wa mtu aliyekwisha kumaliza walau mafunzo ya siku 10 tu. Anayeingia mara ya kwanza halipi. Amelipiwa na waliomtangulia, naye akipenda atawalipia wanaokuja. Utaratibu huo naupenda kuliko yote niliyokutajia, ingawa unahitaji watu wengi, nawe uko peke yako.

Basi fanya hivi. Ukifundisha darasa, weka ada, iwe moja, ijulikane mapema, na asiye nayo aingie bila kujieleza. Nauli ukipewa, pokea. Kwa sala ya mtu aliye katika shida, usitaje kiasi, hata akikuuliza "kwa kawaida wanatoa ngapi?" Hilo swali ni mtego hata kama muulizaji hakuutega.

Bahasha ya yule mama irudishe wiki hii, usingoje kuona mtoto anaendeleaje. Mwambie utaendelea kwenda kama kawaida, kisha uende kweli, maana akikuona umepunguza safari ataamini kwamba pesa ndiyo iliyokuwa ikikuleta. Mambo yakitulia na bado akataka kutoa, hiyo pokea.

Na kazi yako ya mchana usiiache bado. Hilo tutalizungumza ukija.

Mama yako