Ukienda mafungo ya Kibuddha, omba zamu ya jikoni

Tangu nirudi Dar, watu hawachoki kuniuliza kama nimebadili dini, nilikuwa nakula nini, na kama ni kweli watu wanaweza kushinda pamoja kutwa nzima bila kusemezana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa anaosha masufuria. Ningeulizwa hilo, ningeongea mpaka usiku.

Nilikaa msimu mzima wa baridi kwenye jumuiya ndogo ya mafungo ya Kibuddha, vilimani KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Nilikuwa mtu wa kujitolea: unapewa kitanda na chakula, nawe unafanya kazi na kushiriki vipindi vya kutafakari. Jina la mahali nalihifadhi, wenyewe hawapendi kutangazwa. Mkoa ule umeshayazoea mambo haya. Kituo kinachojulikana zaidi huko, kile cha karibu na mji wa Ixopo, kipo tangu 1980.

La dini nilimalize haraka. Hakuna aliyeniambia niache kanisa. Ukifika unaombwa kushika ahadi tano kwa muda wote utakaokuwepo: usiue, usichukue usichopewa, usitumie tendo la ndoa kumuumiza mtu, usiseme uongo, usiguse kilevi. Mkatoliki aliyewahi kwenda mafungo, au Mwislamu aliyewahi kukaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani, hatashangaa sana: unajitenga, unapunguza maneno, unaitazama nafsi yako. Tofauti ni kwamba huko humwombi mtu kitu. Mama yangu alinipigia kabla sijapanda ndege.

“Mwanangu, huko wanasali nini?”

“Hawasali, mama. Wanakaa kimya.”

“Sasa si ungeniambia mimi? Ningekufungia chumbani Tabata ukakaa kimya bure.”

Hoja yake ilikuwa na nguvu, sina haja ya kuficha. Chumba kingenipa ukimya. Kisichopatikana chumbani ni watu wengine.

Mtu wa Dar anapofikiria sehemu kama hizi anaona zile picha za mtandaoni: ukungu, kilima, mtu amefumba macho. Ipo hiyo. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri, mnakaa ukumbini, mnatembea polepole mkiwa mmepanga foleni, mnakaa tena, ndipo uji. Kuanzia usiku hadi zamu ya asubuhi iishe hakuna kuzungumza. Ukumbini kila mtu ni mtakatifu, kwa sababu ukumbini hakuna mtu aliyekuhamishia kisu chako.

Jikoni ndiko wanakohamisha visu. Baada ya uji unakwenda kwenye ubao wa zamu kuangalia umepangwa wapi: bustani, vyoo, mboji, kung'oa miti, au jikoni. (Miti yenyewe ni miwati, hiyo hiyo ya Njombe. Kwetu Njombe ni mali, kule ni adui, maana inanyonya maji ya vijito na kuziba nyasi za asili. Nyasi hizo ndizo anazozaliana mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayejenga kiota ndani ya mashimo ya muhanga. Sikumwona hata mmoja. Wakati wa baridi wanahamia kaskazini, kandokando ya Ziwa Victoria, yaani mimi nimekwenda kwao wao wakaja kwetu.)

Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee mmoja mstaafu kutoka Johannesburg. Yeye karoti anaikata kama fundi anayepima mbao. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo wageni wanafika na maharage hayajaiva, kwa hiyo nakata kwa kasi, vipande vingine vikubwa, vingine vidogo, vyote vitaivia tumboni. Yeye akimaliza vyake anakuja kuvikata upya vyangu. Kimyakimya. Na saa ile ilikuwa ya ukimya, huwezi kusema “mzee wangu, niachie.” Unabaki umesimama na hasira yako mkononi, unaiona inavyopanda kuanzia tumboni, inavyokaza taya, inavyotafuta mlango wa kutokea ikaukosa. Halafu, usipoichochea, inashuka. Dakika chache tu. Kisha anachukua karoti nyingine.

Hicho kitu nilikuwa nimekaa ukumbini juma baada ya juma nikifundishwa kukitazama, na sikukiona hata mara moja hadi niliposimama mbele ya beseni la karoti. Ndiyo maana namwambia kila anayepanga kwenda: ukiulizwa unapenda zamu gani, usikimbilie bustani. Bustani ni nzuri, utapiga na picha. Omba jikoni.

Ila ukimya pekee hautoshi, na jumuiya inayokuambia unatosha ujihadhari nayo. Watu wanaoishi pamoja wanarundika vinyongo. Kwetu palikuwa na kikao cha kila wiki kilichofuata utaratibu wa Plum Village, jumuiya ambayo mtawa Mvietnamu Thich Nhat Hanh aliianzisha na wenzake kijijini kusini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 1982. Mnakaa duara, katikati kuna chombo cha maua. Anayetaka kusema anakichukua, na hakuna anayemkatiza hadi akirudishe. Kwanza unataja jema la mwenzako, wao wanaita kumwagilia maua. Pili unasema wewe mwenyewe ulijuta wapi. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kusema kilichokuumiza, na mwisho unaomba msaada unaouhitaji.

Zingatia mpangilio huo. Sisi huwa tunaanzia kwenye maumivu, tena mbele ya mashahidi, tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mzee wa karoti alipochukua maua, alisema anashukuru kwamba naimba nikiosha vyombo, kwa kuwa tangu afiwe na mkewe hajasikia mtu akiimba jikoni. Malalamiko niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu karoti nikayarudisha mfukoni. Wiki iliyofuata niliyatoa hata hivyo, kwa sauti ya chini kidogo, na akaniachia upande wangu wa ubao wa kukatia. Usidhani upole ni kunyamazia kila kitu.

Sasa mambo ya kawaida, maana najua kuna wanaopanga kweli.

Juni na Julai vilima vile vinashika umande wa barafu. Pita Karume kwenye mitumba, nunua sweta zito na soksi za sufu, usidanganywe na neno Afrika. Chakula hakina nyama. Kuna phutu, ugali wao wa chengachenga, pamoja na maharage na mboga, na utashiba vizuri. Nazi sahau. Magoti yakiuma kaa kwenye kiti, hakuna tuzo ya kukunja miguu. Simu unaikabidhi, kwa hiyo lipa michango ya harusi kabla hujaondoka, la sivyo utarudi umeshaandikwa mchoyo.

Kubwa kuliko hayo: kama umewahi kuugua sonona, kusikia sauti, au unatumia dawa za akili, zungumza na daktari wako kwanza na uwaambie wenyeji ukweli. Ukimya mrefu unafukua. Wengine unawafukulia kuliko wanavyoweza kubeba, na mahali pa kuaminika watakushauri uanze na siku mbili badala ya kumi. Kozi za siku kumi za vipassana, aina ya kutafakari iliyoenezwa na mwalimu S. N. Goenka, kwa mfano, zinaanza siku kwa kengele ya saa kumi alfajiri na zina saa nyingi za kukaa. Hazitozi hata senti, zinaendeshwa kwa michango ya waliozimaliza, ila kutolipa hakuzifanyi kuwa nyepesi. Na popote mwalimu anapokuahidi nuru kwa wiki moja, anapokutaka ufiche jambo ndugu zako wasijue, au anapokuwa hahojiwi na mtu yeyote, beba begi lako.

Kurudi ndiko kugumu. Kariakoo ilinipiga masikioni kama sijawahi kuishi hapa. Nilichojifunza ni kutohubiri. Dada yangu hataki kusikia kuhusu pumzi, anataka nimsaidie kuwachukua watoto shule. Nakaa dakika ishirini kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, halafu naosha vyombo vya jana. Ile ahadi ya kutoua nimebaki nayo kwa ugumu, maana Dar kuna mbu na mbu wana malaria. Natumia chandarua. Kwamba chandarua chenyewe kina dawa, hapo dhamiri itajijua.

Usianze na tiketi ya ndege. Tuna hekalu la Kibuddha hapa hapa mjini, maeneo ya Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne iliyopita, na uani kuna mti wa Bodhi, wa aina ile ambayo Buddha alikaa chini yake alipopata nuru. Piga simu kwanza, uliza siku ambazo wageni wanakaribishwa kutafakari. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, acha viatu mlangoni, na ukikaa usinyooshe miguu kuelekea sanamu ya Buddha. Ukitaka kupeleka chakula, uliza jikoni wanahitaji nini na upeleke asubuhi. Watawa wa Theravada, yaani madhehebu ya Kibuddha ya hekalu hilo, hawali baada ya saa sita mchana, kwa hiyo ukifika saa nane na sufuria lako la wali, utakula mwenyewe na utaliosha mwenyewe.