Maswali ya wasomaji: Kwa nini penseli inakatika?

SWALI: Binti yangu yuko darasa la tatu. Akichonga penseli ncha inadondoka, akichonga tena inadondoka nyingine. Penseli ni feki au kichongeo ndicho kibovu? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Mzazi, angalia kwanza hicho kinachodondoka. Kikiwa kipande kirefu kilichochomoka kizima, kiini kilishavunjika ndani, na mara nyingi sababu ni penseli kuangushwa sakafuni. Kiini hicho ni unga wa grafiti (madini meusi laini) uliokandwa na udongo wa mfinyanzi na maji, ukasukumwa kwenye tundu ukatoka kama tambi, ukakaushwa, kisha ukachomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi hivi. Mwisho huloweshwa kwenye nta ya moto ili uteleze kwenye karatasi. Kitu kilichochomwa namna hiyo hakipindi; kikigongwa kinapasuka, na mti wa nje hauonyeshi chochote. Penseli ya hivyo haina dawa, ila kuichonga hadi uvuke palipopasuka.

Ikiwa inakatika ncha fupi tu, shuku kichongeo. Wembe mkali hutoa ganda jembamba linalojikunja. Ukiona vumbi na vipandevipande, wembe umekwisha, na badala ya kukata unasokota kiini. Badilisha, tena ni kitu cha bei ndogo. Mfundishe pia kuzungusha penseli bila kuisukuma.

Tazama na kitako. Penseli ni vibao viwili vyenye mifereji, vilivyogundishwa kiini kikiwa katikati. Mifereji isipokutana sawasawa, kiini hukaa upande na kichongeo hukila vibaya. Hiyo ni kasoro ya kiwandani, irudishe dukani.

SWALI: Wanafunzi wangu huchorea michoro ya biolojia kwa penseli laini za 2B na kurasa zinachafuka. Nifanyeje? (Mwalimu, Kilifi)

JIBU: Mwalimu, wape HB, yaani penseli za ugumu wa kati. 2B ina grafiti nyingi na udongo kidogo, hivyo huacha weusi mwingi unaofutwafutwa na kiganja, na ncha yake huwahi kuwa butu. Kupanga ugumu kwa kubadili kiasi cha udongo ni mbinu ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, aliyepata hataza yake (haki ya mvumbuzi) mwaka 1795, wakati vita vilipoizuia Ufaransa kupata grafiti ya Uingereza. Usiruke hadi 2H, penseli ngumu, lakini: mistari hupauka, na mwanafunzi akikandamiza ili ionekane, karatasi ya daftari hubaki na alama ambayo hata raba haiiondoi.