Siku Moja Guangzhou, Mzigo Umeshafungwa

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kariakoo, nauza viatu vya kike Mtaa wa Narung'ombe. Nimeshakwenda Guangzhou mara tatu kufuata mzigo, na mara zote nimeona vitu vitatu tu: hoteli, soko la viatu na ghala la ajenti. Mke wangu aliniuliza China kukoje, nikamwambia kuna maboksi. Mwezi wa kumi naenda tena. Nikipiga hesabu, mzigo utafungwa Jumanne na ndege yangu ni Alhamisi alfajiri, kwa hiyo Jumatano yote ni yangu. Natamani nizunguke kwa miguu, peke yangu, bila ajenti wala mkalimani. Kichina changu ni kuuliza bei tu. Nianzie wapi, nile nini (mimi ni Muislamu), na nikipotea je?
Muuza viatu, Kariakoo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo jibu la maboksi nimelicheka peke yangu jikoni, kwa sababu mimi nilifuata mikoba Guangzhou safari tisa, na ungeniuliza kukoje ningekujibu hivyo hivyo. Safari ya kumi ajenti aliniambia kontena limekosa nafasi melini, nisubiri siku mbili. Siku ya kwanza nikalala. Ya pili nikavaa raba nikatoka. Nitakupitisha njia ileile niliyopita, na pale nilipokosea nitakwambia.

Kwanza tarehe. Wiki ya kwanza ya Oktoba usikanyage, ni sikukuu yao ya taifa. Masoko yanafungwa na nchi nzima iko barabarani. Ikishapita, linaanza lile onyesho kubwa la biashara linalofanyika hapo tangu 1957, na vyumba vinapanda bei. Ila hewa ya Oktoba ni nzuri, mvua imepungua na joto limeshuka. Mwezi wa sita jasho hilo huwezi kutembea nalo. Na umebahatika kupata Jumatano, maana makumbusho mengi ya China hufungwa Jumatatu.

Najua mnalala Xiaobei wengi wenu, ule mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika. Kunywa chai mapema, shika njia ya magharibi kwa miguu mpaka bustani ya Yuexiu. Usiingie na haraka ya kutafuta sanamu ya mbuzi watano, ingawa utaikuta juu ya kilima na kila mtu anapiga nayo picha. Wanasema watakatifu watano walishuka wamepanda mbuzi, wakawaachia watu wa mji mashuke ya mpunga ili njaa isiwapate tena. Mimi kilichonishika pale ni wazee. Saa mbili asubuhi bustani yote ni yao: wengine wanapiga danadana kwa kitu chenye manyoya, wengine wanacheza dansi la wawiliwawili na redio imening'inizwa mtini. Mzee mmoja alikuwa anaandika sakafuni kwa brashi ndefu kama fagio, anachovya kwenye ndoo ya maji, herufi zinakauka kabla hajamaliza mstari. Akaniuliza "Feizhou?", yaani Afrika. Nikamjibu "Tansangniya". Mzee akaweka brashi chini, akazungusha mikono miwili ubavuni kama magurudumu, akapuliza "puuuu", kisha akasema "Tan-Zan tielu!" Ndiyo TAZARA hiyo, mwanangu. Kwao jina lake ni "reli ya Tanzania na Zambia", na ilijengwa na wenzao miaka ya sabini. Sikuwa na neno lingine la Kichina la kumjibu, nikapuliza "puuuu" na mimi.

Ukitoka bustanini upande wa magharibi, ng'ambo ya barabara ya Jiefang, kuna makumbusho ya mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa huko kusini. Hapo lipia uingie, usibane hela. Mwaka 1983 walikuwa wanachonga kilima ili wajenge maghorofa, wakaangukia kaburi la mfalme aitwaye Zhao Mo, aliyekufa mwaka 122 kabla ya Kristo. Alizikwa amevalishwa suti ya vipande 2,291 vya jiwe la jade, vimeunganishwa kwa nyuzi za hariri. Wakazikwa naye na watu 15, masuria na watumishi, na wao hakuna aliyewauliza. Watalii wote wamejazana kwenye suti. Wewe tafuta pembe za ndovu. Ziko tano, zimeoza na kupasukapasuka, rangi kama muhogo mkavu, na makumbusho wenyewe wanaeleza kwamba ni za tembo wa Afrika. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Nilikuwa nawaza hesabu za mzigo tu: nani aliuuza, nani aliupakia, ulishushwa bandari ngapi, na kila mkono ulikula faida kiasi gani. Mimi huwa natukanana na ajenti kwa kuchelewa siku mbili.

Kutoka hapo geukia kusini, na kusini ndiyo dira yako ya siku nzima. Ukipotea, uliza mto, "Zhujiang", watu watakuonyesha kwa kidole. Nusu saa ya mwendo wa taratibu itakufikisha kwenye hekalu la Liurong, lenye mnara wa maua wa mita 57. Nje utahesabu ghorofa tisa, wanasema ndani ziko 17. Nilipiga picha mbili, nikapita.

Mbele yake kidogo, Mtaa wa Guangta, kuna msikiti wa Huaisheng, na hapa wewe utafaidi kuliko mimi. Guangta maana yake mnara wa mwanga. Mnara wenyewe una mita kama 36, mweupe, laini, hauna nakshi hata moja, umekaa kama mshumaa uliosahaulika katikati ya maghorofa. Wanasimulia kwamba zamani mto ulikuwa karibu zaidi, na usiku juu ya mnara iliwashwa taa ili majahazi ya Waarabu na Waajemi yajue pa kuingilia. Simulizi za Waislamu wa pale zinaurudisha msikiti hadi kwa sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawalikubali hilo, lakini kaburi linaloitwa lake lipo hapo hapo mjini, karibu na ile bustani, na watu wanakwenda kulizuru. Mimi ni Mkristo, mlinzi alinizuia getini kwa adabu, akanionyesha kibao: si mahali pa watalii. Nikauangalia mnara kutoka mtaani kama mtu anayechungulia arusi. Wewe panga ufike wakati wa adhuhuri, mpe salamu mlinzi, atakuelewa bila Kichina.

Ukishasali, kula. Tafuta kibao chenye maandishi ya Kiarabu ya halali, au tamka "qingzhen", sema kama "chingjen". Viduka vya tambi za Lanzhou vimejaa mji mzima. Kijana anashika donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena, mara limekuwa nyuzi mia, limetumbukia kwenye supu ya ng'ombe. Bakuli moja linakutosha mpaka jioni.

Na hapo ndipo nilipopata aibu yangu. Kule kila kitu kinalipwa kwa simu, unaskani msimbo ukutani. Nilikuwa nimetembea na ramani imewashwa tangu asubuhi, nikala, nikanyanyuka kulipa, simu ikazima. Pembeni ya mlango kuna kabati la pawabenki za kukodi, nikalikimbilia. Kumbe ili ukodi pawabenki unatakiwa uskani kwa simu. Nilikaa nimeishika simu iliyokufa mbele ya mashine ya kufufua simu, nikajiona mjinga wa karne. Nikatoa noti ya yuan 100. Mama mwenye duka akafungua droo, hakuna chenji. Hakunung'unika. Aliichukua simu yangu, akaichomeka nyuma ya sufuria za supu, akaniletea kikombe cha maji ya moto, akarudi kukata nyama. Nusu saa nzima. Kwa hiyo: beba pawabenki yako mwenyewe, na noti ndogondogo za yuan 5 na 10 mfukoni. Kadi yako ya benki iunganishe na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, ukiwa bado Dar, ukajaribu kununua maji siku ya kwanza, si siku ya matembezi. Google imefungwa kule. Pakua ramani ya Kichina iitwayo Amap, inasoma hata herufi zetu. Pasipoti isikae hotelini, utaulizwa kwenye makumbusho. Na ile kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina weka kwenye soksi ikibidi.

Usinywe "liangcha", chai yao ya mitishamba, bila kujipanga. Utaona kiduka kina mabirika makubwa ya shaba, watu wanakunywa kitu cheusi wamesimama. Nilidhani chai ya tangawizi. Fikiria mwarobaini uliochemshwa na shubiri, kisha ukaungua. Muuzaji akanipa pipi ya tunda kavu bila kuombwa, nadhani uso wangu ulishaomba.

Sasa Mtaa wa Yide, na hapa punguza mwendo. Utaujua kabla hujaufika, kwa pua. Mimi nimekulia Mwanza, na harufu ile ilinirudisha Mwaloni Kirumba asubuhi ya dagaa. Mtaa mzima ni vyakula vikavu vya baharini: ngisi waliobanwa kama karatasi, kamba, uyoga, majongoo ya bahari. Mwisho wa duka moja, ndani ya mtungi mkubwa wa kioo, nikaona vitu vya rangi ya asali, bapa, vinapitisha mwanga. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mabondo! Ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki, yale yale ya sangara ambayo utotoni nilidhani ni uchafu wa kutupwa, kabla sijajua kuna watu kwetu wamejenga nyumba kwa kuyakusanya. Nikamuonyesha muuzaji kwa kidole, nikajipiga kifua: mimi, kwangu, ziwani! Yeye akadhani nataka kununua, akashika kikokotoo, akaandika bei. Mwanangu, nilikirudisha kile kikokotoo mezani polepole kama kinaungua. Sijui kama yalitoka Ziwa Viktoria au ziwa la nani, lakini kutoka Mwanza yanasafirishwa kwenda huko China, na tangu siku ile sijawahi kumcheka mtu anayenunua mabondo kwa kilo.

Mtaa huohuo, katikati ya harufu hiyo, linasimama kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe ya matale kuanzia msingi hadi ncha za minara yake miwili. Lilijengwa kuanzia 1863 hadi 1888. Jumapili alasiri kuna misa ya Kiingereza na Waafrika hujaa. Mimi niliingia, nikakaa benchi la nyuma, nikavua raba chini ya kiti.

Kilichobaki ni kushuka mtoni na kufuata ukingo kuelekea magharibi mpaka kisiwa cha Shamian. Si kisiwa cha kuvukia kwa boti, ni mfereji tu umekitenga, unavuka daraja fupi. Waingereza na Wafaransa walijipatia hapo makazi yao baada ya vita vya kasumba. Majumba yao bado yapo, chini ya miti mikubwa kama mikuyu yenye mizizi inayoning'inia. Magari ni machache. Maharusi wanapigwa picha kila kona. Nilifika saa kumi na moja jioni, nimetembea kilomita nane hivi ukihesabu na kupotea mara mbili, nikakaa kwenye benchi nikala chungwa. Kurudi Xiaobei panda metro, yuan chache tu. Na mpigie mkeo picha ya mabondo.

SWALI: Shikamoo bi. Binti yangu kapata nafasi ya kusoma Guangzhou. Nasikia watu humkodolea mtu mweusi macho, humpiga picha, hata humgusa nywele. Atembee peke yake kweli?
Mama mwenye wasiwasi, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukodolewa macho atakodolewa, na picha atapigwa, zaidi akitoka mitaa iliyozoea Waafrika. Wengi ni udadisi. Wapo na wenye dharau, na binti ataijua dharau hata bila kuelewa lugha. Mimi huwa nikiona simu imeinuliwa, na mimi nainua yangu nampiga yeye. Mara nyingi anacheka, tunapiga pamoja. Nywele ni jambo jingine: anayemgusa amshushe mkono kwa upole, na amwambie "buyao", yaani sitaki. Kutembea peke yake mchana, hata jioni kwenye mitaa yenye watu, sina hofu nako kuliko nilivyo na hofu na pikipiki za umeme. Zinapanda njia ya waenda kwa miguu, hazitoi mlio, na zinatoka nyuma. Hizo ndizo umuonye.

SWALI: Nitakuwa Guangzhou usiku mmoja tu. Kuna faida kupanda ule mnara mrefu, Canton Tower?
Msomaji, Arusha

JIBU: Una mita 600, ulifunguliwa 2010, na tiketi zake si za kitoto. Sikupanda. Nilipanda kivuko cha abiria wa kawaida, wale wanaorudi kazini na mboga kwenye mifuko, nauli yuan 2 kwa siku ile. Mnara unabadilika rangi, zambarau, kijani, nyekundu, na mto unabadilika nao. Kaa upande wa nje, na shika kofia.