Tuwashukuruje Wanaojitolea?

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi kinachowatembelea wagonjwa majumbani, na hatuna fungu la kuwalipa wanaojitolea. Tuwashukuruje ili wasivunjike moyo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu Katibu, anzeni na nauli, kwa maana mtu anayetoa siku yake nzima bila ujira hapaswi tena kutoa mfukoni fedha ya daladala, kumrudishia gharama hizo ni haki yake, wala msiihesabu kuwa zawadi. Shukrani yenyewe iwe mahususi: badala ya kusema "asanteni nyote", mtajeni mama aliyekwenda kumbadilishia mgonjwa shuka kila Jumanne msimu mzima wa masika, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na myaseme hayo familia yake ikisikia. Cheti kina thamani, hasa kwa kijana anayetafuta kazi, mradi kitaje kazi aliyoifanya na muda aliotumikia, na jina lake lisikosewe (kosa hili huumiza sana). Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, huadhimishwa tarehe 5 Desemba. Itumieni kwa hafla, ila mama yule wa masika mshukuruni Aprili hiyohiyo.